Mv, herufi iliyokaa nyuma karibu na mlango

Tuliosoma darasa la kwanza sote tuliimba ma, me, mi, mo, mu, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. Wacherokee wa Marekani nao wana mstari wao wa ma, me, mi, mo, mu, ila kwao kila silabi ina herufi yake moja, na irabu ni sita. Ya sita hupitia puani, na ikiandikwa kwa Kilatini huwekewa v. Basi mstari wa l unakwenda la, le, li, lo, lu, lv. Wa m unaishia mu. Baada ya hapo pana pengo.

Pengo hilo lilikuwa na mwenyewe. Sequoyah, mfua fedha ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alipokamilisha mwandiko wake mnamo 1821 alikuwa na herufi 86. Ile ya mv haikupata kazi, maana hata m yenyewe ni sauti adimu katika Kicherokee. Zikabaki 85, na wino wa gazeti la Cherokee Phoenix, lililoanza New Echota, Georgia, mwaka 1828, haukuihitaji.

Mwaka 1999 Unicode, ule mpango wa kuipa kila herufi duniani namba yake ya kompyuta, uliandikisha hizo 85. Mv ikaachwa nje hadi 2015, ilipopewa U+13F5. Hii hapa: Ᏽ.

Kuna watakaouliza, herufi isiyoandikwa na mtu inadai namba ya nini? Mimi naona swali hilo ni la mtu ambaye hajawahi kunakili karatasi kuukuu. Mtu aliyetaka kuchapa orodha ya Sequoyah kamili, pale penye herufi hiyo angeweka nini? Abandike picha? Picha huwezi kuitafuta ndani ya maandishi. Kompyuta haijali umbo, inajali namba. Tazama jina la lugha yenyewe, Tsalagi: ᏣᎳᎩ. Jicho letu linasoma GWY, lakini kwa mashine hakuna G wala W wala Y pale, ni namba nyingine kabisa. Kwa hiyo kuinyima herufi namba ni kuifanya doa la wino, hata kama wazee waliichora kwa makini.

Kinachonichekesha ni kiti ilichopewa. Namba ya mu ni U+13BD, na inayofuata, U+13BE, tayari imekaliwa na silabi na. Unicode namba ikishatolewa haihamishwi, la sivyo maandishi ya jana yatasomeka upuuzi kesho. Mv ikapelekwa mkiani, baada ya yv, kama mgeni aliyechelewa harusini. Sioni dhuluma hapo. Kupanga maneno kwa mfuatano kunafuata jedwali lake, si namba hizi.

Ninapolalamika ni kwenye jambo jingine la 2015 hiyohiyo. Mwanzoni watu wa Unicode walichukulia kwamba Kicherokee hakina herufi kubwa na ndogo, ingawa Agano Jipya la Kicherokee lilikuwa limechapwa kwa kuzitofautisha. Walipokuja kuongeza herufi ndogo, zile za 1999 zikageuka kuwa ndizo kubwa. Sasa kwingine kote kompyuta ikitaka kulinganisha maneno huyashusha yote yawe herufi ndogo. Kicherokee peke yake huyapandisha, kwa sababu ahadi ya kutogeuza kilichokwisha kuwekwa inaifunga Unicode. Mtunga programu asiyejua hilo ataandika kitafutio kinachoshindwa, na lawama ataitupia lugha. Kufungua kitabu kimoja cha zamani kungeokoa shida yote hii.

Na kama pale juu, badala ya herufi, simu yako imekuonyesha kijisanduku kitupu, namba imefika salama. Fonti, yaani michoro ya herufi iliyomo kwenye simu, ndiyo bado iko njiani.