Ufuo Usio na Mwenyewe

Kila nikiwaambia jamaa wa hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, twendeni tukapige kambi ufuoni, jibu ni lile lile: maji yale ya barafu tutayafanyia nini? Hawakosei. Pasifiki ya Oregon haipati joto hata Agosti, na mtu aliyekulia Bamburi au Kigamboni akitia mguu anautoa mbio. Bado nasema twendeni, maana kuogelea siko ninakokufuata.

Nafuata pwani isiyo na mwenyewe. Mwaka 1913, enzi za gavana Oswald West, sheria iliufanya mchanga unaofikiwa na maji kujaa kuwa barabara kuu ya umma. Ule mkavu wa juu ukaachwa, na mwaka 1966 mwenye hoteli moja kule Cannon Beach akauzungushia uzio ili wakae wageni wake tu. Watu wakaja juu. Mwaka uliofuata gavana Tom McCall akatia saini sheria ya kumruhusu kila mtu kuutumia mchanga mpaka majani yanapoanzia, pwani nzima ya jimbo, kama kilomita 580.

Sisi wa pwani ya kwetu tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tanzania nayo, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Haya, katafute kichochoro cha kufikia hayo maji kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa hoteli, uone askari wa getini atakavyokuuliza unakwenda kwa nani!

Ila ruhusa ya kukanyaga mchanga haimlazi mtu, na hapo ndipo ninapozipendea hifadhi za jimbo. Fort Stevens, karibu na Astoria, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Unapata pa kusimamisha hema, choo safi, maji ya moto ya kuoga, na yurti, yaani hema kubwa la duara lenye vitanda, kwa asiyetaka kulala chini. Maji yakipwa, watoto wanakwenda kushika mbavu za chuma za Peter Iredale, meli iliyokwama pale mwaka 1906.

Ninalolalamikia ni kalenda. Nafasi za kambi hufunguliwa kubukiwa miezi sita kabla, na wikendi za Julai huwahiwa na watu wanaojua likizo zao tangu Januari. Anayefanya shifti ghalani, anayepewa ratiba yake wiki hadi wiki, atabuki lini? Ningekuwa na sauti, ningetaka sehemu ya nafasi zibaki kwa wanaoamua Alhamisi kwenda Ijumaa. Kwa sasa jaribuni Septemba, usiku wa Jumapili au katikati ya wiki. Watu wamepungua, na mara nyingi jua huwa zuri kuliko la Julai.

Bebeni makoti, na kuni mzinunue huko huko. Bahari ile msiipe mgongo: wimbi moja kubwa huja ghafla baada ya madogo mengi, na magogo yaliyolala mchangani huinuliwa na maji kidogo tu yakamviringikia aliyekaa juu yake. Watoto wasiyapande.