Kibastola cha mkobani si cha mwanafunzi

Mtu akisema anatafuta bastola ya kwanza ya kujilinda na mfuko hauruhusu makubwa, jibu ni lilelile kila mahali: chukua ile ndogo. Ndogo ni rahisi, ndogo inafichika, ndogo haina makuu. Akiwa mwanamke, jibu linakuja haraka zaidi, na tabasamu juu yake. Shemeji yangu alihangaika na makaratasi ya leseni mpaka akaipata, akaenda dukani, na muuzaji hakumuuliza hata swali moja. Hakuuliza kama amewahi kufyatua risasi maishani. Hakuuliza mikono yake ina nguvu kiasi gani. Alimtolea kitu cha rangi ya waridi kinachoenea kiganjani, akamwambia, "Hii ndiyo ya akina mama, dada."

Ya akina mama! Natamani kumwona huyo bwana akiifyatua mwenyewe kwa saa nzima, halafu tuzungumze.

Risasi ikitoka mbele, bastola inasukumwa nyuma. Haijali imeshikwa na nani. Bastola ikiwa nzito, uzito wake unameza sehemu kubwa ya msukumo huo. Ikiwa nyepesi, msukumo wote unaishia mkononi mwako. CZ 75 ya chuma, ile ya tangu 1975, ina kilo moja na ushei, na ukiifyatua unasikia kusukumwa tu. Ruger LCP iliyotoka 2008 haifiki gramu 300. Inatumia risasi dhaifu kidogo, sawa, lakini mpini wake ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinabaki hewani, na bastola inajizungusha kiganjani kila inapolia. Kabla ya risasi ya pili inabidi uishike upya. Sasa mwambie mtu aliyeingiwa na hofu, usiku, mikono imelowa jasho, kwamba hiyo ndiyo "rahisi".

Uwanjani nilimwomba mkufunzi atuazime zote mbili, ndogo na kubwa. Shemeji akaanza na ile ndogo. Baada ya risasi chache tu alikuwa anafumba macho kabla ya kuvuta triga, mdomo wa bastola unainama hata kabla ya mlio, na matundu kwenye karatasi yote yako chini kushoto, mbali kabisa na duara la katikati. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikawa nyekundu. Akasema, "Shem, mimi hivi vitu siviwezi." Nikamwambia asubiri. Mkufunzi akampa bastola ya milimita 9 ya ukubwa kamili, mikono yote miwili ikapata pa kushika, akavuta triga taratibu. Akanyamaza. Akafyatua tena. Kisha akageuka kunitazama, na nina hakika alichokuwa anakifikiria kuhusu yule muuzaji hakiandikiki hapa.

Kuna na habari ya kukoki (kuivuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, ili risasi iingie), ambayo wauzaji huipita kimya. Watu wanadhani bastola ndogo ni laini kukoki kwa sababu ni ndogo. Chukueni Walther PPK, ya mwaka 1931, inayosifiwa kwa umbo lake. Slaidi yake haifungwi na kitu wakati risasi inalipuka. Inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, na kwa kuwa uzito ni mdogo, springi lazima iwe kali. Mwenye vidole dhaifu ataivuta mpaka achoke. Nyingi kati ya zile ndogo za kisasa zinafunga mtutu na slaidi pamoja wakati huo, lakini nazo slaidi yake haina pa kushika. Halafu zinadai kifundo cha mkono kikaze sawasawa. Kikilegea, slaidi haifiki mwisho wa safari yake, na ganda tupu la risasi linasimama wima kwenye tundu la kutokea badala ya kuruka nje. Mkongwe analiondoa bila kufikiri. Mwanafunzi anabaki kulitazama.

Na alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zikikaribiana mno kama kwenye bastola fupi, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi. Hilo nalo halikutajwa dukani.

Haya, nakubali, shingo upande: bastola kubwa ni kazi kuificha chini ya nguo, na bastola iliyobaki nyumbani haimsaidii aliye njiani. Aliyefyatua kwa miaka na akajua mikono yake, abebe kibastola chake kwa amani. Ninayemtetea hapa ni anayeanza, tena anayeanza na fedha za kuhesabu.

Maana jibu la pili la dukani, ukikataa kibastola, ni rivolva fupi, ile ya silinda inayozunguka na risasi zake. "Haikwami, dada, unavuta tu." Kweli haikwami hovyo, na risasi ikigoma kulipuka unavuta tena, inakuja nyingine. Lakini zile nyepesi za kubebea hazifiki hata nusu kilo, na triga yake ndefu inataka nguvu ya kilo 5 hivi kila mara unapoivuta. Kilo 5 kwenye kitu cha nusu kilo, halafu kisitikisike! Rivolva nzito ya risasi za .38 Special, yenye mtutu wa inchi 4, ni habari tofauti, na mtu asiyeweza kabisa kukoki bastola ningempa hiyo bila kusita.

Kuhusu ukubwa wa risasi sitaki ugomvi mrefu. Milimita 9 ya Georg Luger, aliyeibuni, iko nasi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo inayopatikana kwa wingi, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kati ya zile za kujilindia. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986 yaliyoua maafisa wake wawili, waliikimbia. Wakaenda milimita 10, wakaenda .40, na katika miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9 ileile, risasi zenyewe zikiwa zimeboreshwa. Kama wao wamezunguka hivyo kwa fedha za serikali, wewe mwenye bajeti usizunguke.

Fedha sasa. Bei iliyobandikwa kwenye bastola ni kiingilio tu. Ndani kuna mkufunzi, risasi za mazoezi, risasi chache za kujilindia ambazo lazima uzijaribu kwenye bastola hiyohiyo ujue inazila bila kukwama, magazini ya akiba, vizuia sauti vya masikioni kwa sababu mlio unapita desibeli 140 na masikio yakishaharibika hayarudi, ala ngumu inayoifunika triga yote, na sefu. Watu wanamaliza fedha yote kwenye chuma kinachong'aa, kisha wanakitia mfukoni mwa suruali pamoja na funguo. Mwenye bastola ya kawaida na risasi za kutosha kufanyia mazoezi atamshinda mwenye bastola ya kifahari na boksi moja lisilofunguliwa. Mazoezi mengine hayana gharama: bastola tupu, umeikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine, unaielekeza kwenye ukuta mnene usio na mtu nyuma yake, unavuta triga bila kutikisa alama ya mbele. Kidole nje ya triga mpaka uwe umelenga. Basi.

Kwenye sefu sitanii. Mtoto anajua kila unapoficha vitu. Juu ya kabati anapafikia kwa kiti, chini ya godoro anapajua kabla yako. Na si mtoto peke yake. Ndani ya nyumba anaweza kuwepo mtu mzima aliyekata tamaa usiku mmoja, akaamka asubuhi akiwa amebadili mawazo, endapo usiku huo hakupata kitu cha kumaliza mambo. Risasi haimpi hiyo asubuhi. Fedha ikitosha kimoja tu kati ya sefu na bastola, nunua sefu, bastola ingoje. Na kama nyumbani kuna mtu wa namna hiyo sasa hivi, isiingie kabisa.

Basi ninunue nini, mtaniuliza. Ya milimita 9, ya ukubwa kamili kama wanayobeba polisi kazini, au pungufu kidogo, ya kiwanda kinachojulikana, iliyotumika. Glock 17 iliingia jeshi la Austria 1982 na tangu hapo imesambaa kwenye polisi wa nchi nyingi. Zilizostaafu zipo, vipuri vipo, magazini zipo. Bastola za polisi mara nyingi zimebebwa sana na kufyatuliwa kidogo.

Ukiiona, omba ruhusa kwanza. Toa magazini, vuta slaidi, kagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole. Rangi iliyochubuka mdomoni na ubavuni kwa kusuguana na ala isikutishe, ila itumie kuteremsha bei. Omba ifunguliwe. Chungulia mtutu kwenye mwanga: mistari ya ndani iwe bado inaonekana wazi, kusiwe na mashimo ya kutu wala uvimbe. Triga iliyochongwa na fundi wa nyumbani ili iwe laini, achana nayo hata ukipewa bure. Springi ya kurudishia slaidi badilisha mara moja, haigharimu sana. Na muuzaji akikataa kuifungua uione ndani, mrudishie mali yake, uage.