Tundu dogo la VGA lisihukumiwe kwa jina la analojia

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia izimwe Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno hilo tunalibandika kwa kila kilichopitwa na wakati. Mwenye iBook G4 ya Apple au laptopu nyingine ya zamani yenye kitundu cha mini-VGA, kile kidogo cha kutolea picha ya analojia kwenda kwenye projekta, huambiwa akaiuze spea.

Wanaosema hivyo wana hoja. Kitundu kile hakikuenea kwa watengenezaji wengi, hivyo adapta yake, kile kiunganishi cha kukifikisha kwenye waya wa VGA wa kawaida, ikipotea huipati duka la jirani. Waya ukiwa mrefu maandishi huota kivuli. Tena iBook ilifungwa kiwandani irushe kilekile kilichopo kwenye skrini yake, basi.

Lakini hebu ifungue hiyo adapta. Ndani ni nyaya tupu, kwa sababu kinachotoka kwenye kitundu kile ndicho VGA ya pini 15 inachokitaka, ileile tuliyoletewa na IBM mwaka 1987. Kutoka HDMI, tundu la picha la dijitali la laptopu za siku hizi, kwenda VGA mambo ni mengine: lazima iwepo chipu ya kugeuza dijitali kuwa analojia, na chipu inakula umeme. Inauvuta kwenye tundu la HDMI lenyewe, na si kila laptopu inatoa wa kuitosha.

Nililiona hili ukumbini Temeke, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kikisubiri hesabu za mwaka. Kigeuzi cha HDMI kati ya laptopu na projekta kilipata moto, picha ikawa inakuja na kukatika, mwisho ikazima kabisa. Nikatoa iBook. Ukuta ukawa wa njano! Pini ya bluu ilikuwa haigusi, ila kila tarakimu ilisomeka na wazee wakajua gawio lao. Hapo ndipo watu wengi hawaielewi analojia: ikipungukiwa waya mmoja wa rangi, picha inabaki.

Kesho yake fundi wa Kariakoo alifungua kichwa cha adapta, akagusisha risasi, bluu ikarudi. Kigeuzi alikigeuzageuza mkononi. "Hiki tupa tu, kaka."

Anayenunua projekta mpya achukue ya HDMI. Kwa picha kali na sauti kupita waya mmoja, haina mpinzani. Ila ya ukumbi wetu ina VGA peke yake, na kitundu kilekile cha iBook, kwa adapta nyingine, kinawasha hata TV ya kichogo. Yangu siiuzi spea.