Klipu ya sekunde kumi sio ushahidi

Jamani hii tabia inanikera sana, mtu anaona klipu ya sekunde kumi ya enzi za rangi nyeusi na nyeupe, jamaa anadunda mpira wa kikapu taratibu, basi keshahukumu et Bill Russell, yule nyota wa zamani wa Boston Celtics, leo hata benchi asingekaa. We angalia vizuri ule mkono, uko juu ya mpira muda wote, kwa sababu enzi zile ukiupeleka chini kidogo tu refa anapuliza, halafu kavaa viatu vya turubai soli nyembamba kama chapati, na bado kabeba mataji 11 ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani! Bloku zake, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikienda ringini, hata hazina hesabu rasmi maana NBA imeanza kuzirekodi msimu wa 1973-74 na yeye kastaafu 1969, sasa unamlinganisha kwa takwimu gani wewe?

Wilt Chamberlain nae, nyota mwingine wa enzi hizo, kafunga pointi 100 mechi moja mwaka 1962, mstari wa pointi tatu (ukifunga toka nje yake unapata tatu badala ya mbili) umekuja NBA 1979, leo unamuuliza mbona hakuwa anapiga za mbali kama Steph Curry wa siku hizi. Za mbali apigie wapi??

Na nyie mnaosema Michael Jordan wa miaka ya 90 anamzidi LeBron James, msijifiche. Kila siku "zamani mabeki walikuwa wanakushika kwa mikono", sawa, ni kweli, ila mbona hamsemi kwamba ulinzi wa zoni (beki analinda eneo badala ya kumfuata mtu wake) ulikuwa marufuku mpaka 2001? LeBron akipenya anakuta watu watatu wanamsubiri chini ya ringi. Hilo mnaliruka kila siku.