Saini ya Rais wa Marekani ina uzito gani?

Desemba 4, 2012, Bob Dole aliingizwa katika ukumbi wa Seneti ya Marekani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na miaka 89, mkongwe wa chama cha Republican, na mkono wake wa kulia ulilemazwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Maseneta walikuwa wanapigia kura mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao serikali ya Rais Obama ilikuwa imeutia saini na Dole aliutaka upite. Waliounga mkono walikuwa 61, waliopinga 38. Mkataba ukaanguka kwa upungufu wa kura 5.

Ibara ya 2 ya Katiba yao inampa Rais mamlaka ya kufanya mikataba, ila akubaliwe na thuluthi mbili za maseneta waliohudhuria. Kabla ya hapo Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti huupekua, na inaweza kuukalia miaka na miaka. Ukipita, unarudi kwa Rais, na yeye ndiye anayeuridhia rasmi.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mkataba ukishapita una nguvu ya sheria ya nchi, na utawabana marais wajao. Jambo la namna hiyo halifai kuamuliwa na chama kimoja kilichobahatika kupata wingi mdogo. Tena Seneti si ukuta: Desemba 2010 mkataba wa silaha za nyuklia na Urusi ulipata kura 71 dhidi ya 26.

Lakini kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, jumla yao 100. Maseneta 34, ambao wakipinga wanatosha kuzuia mkataba wowote, wanaweza kutoka majimbo 17 yenye chini ya sehemu moja ya kumi ya Wamarekani wote.

Ndiyo maana marais wamezoea kupita mlango wa nyuma. Mwaka 1993 mkataba wa biashara wa NAFTA ulipelekwa Bungeni kama sheria ya kawaida, inayohitaji wingi wa kawaida tu katika mabaraza yote mawili. Kura za Seneti? 61 kwa 38, zile zile zilizouangusha mkataba wa walemavu. NAFTA ikapita.

Njia nyepesi zaidi ni Rais kujifunga mwenyewe, bila Seneti. Obama alifanya hivyo kwa Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2016, Trump akautoa, Biden akaurudisha mwaka 2021, na Januari 2025 Trump akaamuru tena nchi ijitoe. Kwa mshirika wa nje, hiyo ni ahadi ya muhula mmoja, na naona gharama yake ni kubwa kuliko ya kusubiri kura 67.

Hata hivyo, kupita Seneti nako hakumalizi kazi, kwa kuwa Katiba haisemi nani anaruhusiwa kuvunja mkataba. Rais Carter alipoukatisha ule wa ulinzi na Taiwan, Seneta Goldwater alimshtaki. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikaitupa kesi bila kutoa jibu. Desemba 2023 Bunge lilipitisha sheria inayomzuia Rais kuitoa nchi katika muungano wa kijeshi wa NATO bila thuluthi mbili za Seneti au sheria nyingine ya Bunge. Rais akiikaidi, haijulikani kama majaji watakubali hata kuisikiliza kesi hiyo.