Upadre ni wa wanaume, lakini sababu zenu si za Kanisa

Ukiishi Mbeya, swali la mbona Wakatoliki hatuna mapadre wanawake litakufikia tu. Ukoo mmoja una Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki. Kwenye msiba mchungaji mwanamke anaongoza ibada, anahubiri mpaka wafiwa wanatulia, na mkirudi nyumbani binti wa kaka yako anauliza: "Shangazi, sisi mbona hatuna?" Hapo kila mtu anageuka mwanateolojia. Mwanamke ana siku zake. Mwanamke hatunzi siri ya kitubio. Akipata mimba, Misa ataadhimisha nani? Na lile la wazee: mwanamke hawezi kumtawala mwanamume kanisani.

Mimi ni mwana-WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na nakubaliana na Kanisa kwamba upadre ni wa wanaume. Ndiyo maana majibu haya yananiudhi. Hakuna hata moja ambalo Kanisa linalitumia.

Mwaka 1976, wakati wa Papa Paulo VI, Vatikani ilitoa tamko la Inter Insigniores kuhusu suala hili. Kisha tarehe 22 Mei 1994 Papa Yohane Paulo II akatoa waraka wa Ordinatio Sacerdotalis. Hakuandika kwamba wanawake hawafai. Aliandika kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa daraja ya upadre, kwa kuwa Kristo aliwaita wanaume kuwa Mitume na Kanisa likashika hivyo tangu mwanzo. Anayekosa uwezo hapo ni Kanisa lenyewe, Papa akiwemo. Waraka huo unamtaja hata Bikira Maria: hakupewa upadre, na nani atathubutu kusema alikuwa na hadhi ndogo kuliko Petro, aliyemkana Bwana mara tatu?

Wapo wanaosema Yesu alifuata tu mila za Wayahudi. Sishawishiki. Alizungumza na mwanamke Msamaria kisimani hadi wanafunzi wakashangaa. Asubuhi ya ufufuko aliwaachia wanawake habari kubwa kuliko zote, nao Mitume, kwa mujibu wa Luka, wakaiona ni upuuzi. Mtu wa namna hiyo hakuwa akiogopa watu watasema nini.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Mitume wote walikuwa pia Wayahudi, mbona tuna mapadre Wanyakyusa na Wahehe? Kanisa linajibu kwa kuangalia ishara ya sakramenti. Padre anaposema "huu ndio mwili wangu" anasimama katika nafsi ya Kristo, Bwana arusi wa Kanisa, na uanaume umo ndani ya ishara hiyo. Kabila halimo. Iringa wanajivunia ulanzi, pombe ya mianzi, na ugali wa mahindi tunakula kila siku, lakini altareni unapanda mkate wa ngano na divai ya zabibu. Hakuna aliyesema ulanzi ni najisi. Nilipomwambia hivyo binti wa kaka yangu alinijibu kwamba mtu si mkate. Ana haki. Hoja ya ishara inasaidia kulielewa fundisho, haiwezi kulithibitisha peke yake. Msingi unabaki kile alichofanya Kristo.

Sasa niseme linalonichoma. Kanuni ya 1024 ya sheria za Kanisa, inayosema wanaopewa daraja ni wanaume, inahusu daraja takatifu tu, lakini kuna watu wameinyoosha ikafika mpaka kwenye kapu la sadaka. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha ya waamini wanaomsaidia paroko, wala haisemi wawe akina baba. Nenda vigangoni sasa: mwenyekiti baba, mweka hazina baba. Akina mama wanafagia kanisa, wanapika siku ya askofu, wanazunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha kwenye jumuiya. Pesa zikishafika mezani, wanaozihesabu ni wengine. Hilo halina waraka wa Papa yeyote.

Tena Papa Francisko alibadili sheria Januari 2021 ili wanawake wapewe rasmi huduma ya usomaji na uakoliti, yaani kuhudumu altareni. Januari 2025 akamteua Sista Simona Brambilla kuongoza idara ya Vatikani inayosimamia watawa, wa kike na wa kiume, mapadre watawa wakiwemo. Sista huyo ni Mkonsolata, yaani wa shirika la wamisionari wa Consolata, jina ambalo Iringa si geni hata kidogo, kwani ni Wakonsolata waliokabidhiwa eneo hilo mwaka 1922. Yeye hataadhimisha Misa, na hilo halikumzuia kupewa ofisi. Huku kwetu mtu anasimama kwenye mkutano na kumkataa mama asiwe mwenyekiti wa halmashauri ya walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, eti kwa sababu upadre ni wa wanaume.

Uchaguzi wa walei ukifika, kura yangu nampa mama anayekusanya zaka za jumuiya yetu. Daftari lake linasomeka, risiti anazo zote, na haogopi kumuuliza paroko hela za bati zimefikia wapi.