Mkibadilisha Namba, Tuambieni

Gemu ninayocheza kila jioni na wenzangu ilitoa apdeti hivi karibuni. Maelezo yake yalikuwa mafupi: hitilafu kadhaa zimerekebishwa, ramani moja imeongezewa mwanga, na chini kabisa mstari unaosema "maboresho ya jumla". Tukapakua, tukaingia, tukaenda moja kwa moja kwa yule bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, tunayempiga kila mara kwa sababu ndiye anayetoa madini ya kuimarishia silaha. Akaanguka, madini hayakutoka. Tukarudia, yakatoka machache. Tukadhani ni bahati mbaya tu, maana gemu za namna hii zina siku zake.

Lakini kwenye kikosi chetu yupo dada mmoja anayeandika kila kitu. Kila bosi akianguka, anajaza jedwali lake: tarehe, ngazi ya ugumu, kilichotoka, idadi. Hafanyi hivyo kwa ugomvi, anapenda hesabu. Jedwali lake lina safu ya madini aliyoipaka rangi ya kijani kila yanapotoka, na kuanzia siku ya apdeti ule ukijani ulikuwa umekatika kama nguo iliyoliwa na panya. Akaweka picha ya jedwali kwenye chaneli rasmi ya gemu, akauliza kwa adabu: kiwango kimepunguzwa? Msimamizi wa chaneli akamjibu, "Asante kwa maoni yako! Tumeyafikisha kwa timu." Mjadala ukafungwa. Baadaye, wachezaji wengine walipoleta hesabu zao na kelele zikawa nyingi, kampuni ikakiri kwa sentensi moja, chini ya tangazo la mavazi mapya, kwamba kiwango "kilirekebishwa ili kulinda uwiano wa uchumi".

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kupunguzwa kwa madini. Tunaocheza gemu hizi kwa muda mrefu tunajua uchumi wake unavyoharibika: kitu kikizagaa, bei yake sokoni inakufa, mchezaji mpya anakosa cha kuuza, na mkongwe anakosa cha kutafuta. Kama wangeandika, "Tumepunguza madini ya bosi huyu kwa kiasi fulani kwa sababu yanatoka kuliko yanavyotumika," tungenung'unika jioni moja, kesho yake tungetafuta bosi mwingine. Kilichonichoma ni kwamba kuna mtu alikaa akabadilisha namba, halafu akakaa mtu mwingine, au pengine yuleyule, akaandika orodha ya mabadiliko na kuamua namba hiyo isiwemo. Uamuzi huo wa pili ndio unaonifanya niandike.

Anayedhani haya ni malalamiko ya watu wasio na kazi aangalie yaliyotokea Korea Kusini. MapleStory, gemu ya kampuni ya Nexon, ilianza mwaka 2010 kuuza vipande vya kubadilishia sifa za silaha na mavazi. Unavinunua kwa pesa halisi, unavitumia, sifa mpya zinatoka kwa bahati. Hukuzipenda, unanunua tena. Mwaka huohuo kampuni ilishusha uwezekano wa kupata sifa zinazotafutwa zaidi, na haikumwambia mtu. Mwaka 2011 ikaenda mbali zaidi: baadhi ya michanganyiko ambayo kila mchezaji aliiota ikawekewa uwezekano wa sifuri. Haikuwa adimu, haikuwepo kabisa. Na ikatoa tangazo kwamba mambo yako kama zamani. Watu wakaendelea kununua kwa miaka, wakijilaumu kwa kukosa bahati.

Mwaka 2021 wachezaji wa Korea walichoka na kampuni zao za gemu. Walichanga pesa, wakakodi malori yenye skrini kubwa, wakayapeleka mbele ya ofisi yarushe ujumbe wao mchana kutwa. Machi mwaka huo Nexon ikachapisha uwezekano wa vile vipande, na zile sifuri zikaonekana na kila mtu. Januari 2024 tume ya ushindani wa haki ya nchi hiyo ikaitoza faini ya zaidi ya won bilioni 11, na Machi 2024 sheria mpya ikaanza kuzilazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa vitu vya bahati wanavyouza. China ilikuwa imetangulia, ilianza kudai hivyo tangu Mei 2017.

Nataka tuone kitu kimoja hapo. Nexon haikuwa bubu. Ilikuwa na ukurasa wa matangazo, ilitangaza matukio, misimu, zawadi za sikukuu. Kwa kipimo cha wataalamu wa masoko ilikuwa ikiwasiliana na wachezaji wake vizuri sana. Ndiyo maana sitetemeki ninaposikia kampuni ikijisifu kwamba ina matangazo ya moja kwa moja kila wiki na watu wa kujibu maswali kutwa nzima. Nauliza tu: siku mnapoteremsha namba inayonigusa, mnaiandika?

Wakubwa wa kampuni wana hofu yao, na najua wanachosema: tukiandika, kutakuwa na fujo. Kweli, kutakuwa na fujo. Lakini fujo ya tangazo ina mwisho wake. Watu hupiga kelele, hupima, huzoea. Mabadiliko ya siri yakigunduliwa hayana mwisho, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kinakuwa ushahidi. Kwenye kikosi chetu sasa, mtu akikosa kitu mara tatu mfululizo, hasemi tena "leo sina bahati", anasema "wameshashusha na hiki". Huenda hawajashusha. Lakini nani atamwamini msimamizi akisema hawajashusha? Walikuwa na neno lao, wakalitumia kufunika madini ya bosi mmoja. Gemu ya bahati inategemea kitu kimoja tu, kwamba mchezaji anaamini mchezo haujachakachuliwa. Ukiondoa imani hiyo, kinachobaki ni kusota.

Na usiseme haiwezekani kusema ukweli mchungu kwa watu wengi wenye hasira. Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba kampuni yake, Square Enix, iliomba radhi hadharani, ikasimamisha ada ya mwezi, na Desemba mwaka huo ikambadilisha kiongozi. Aliyepewa mzigo, Naoki Yoshida, alianza kuwaandikia wachezaji barua za mzalishaji: tunabomoa hiki, kile tunakiacha, hiki hatuwezi. Seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu, za toleo la zamani zikazimwa Novemba 2012, jipya likaja Agosti 2013.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Desemba 2021. Toleo la Endwalker la gemu hiyohiyo lilipotoka, watu walifurika seva zikazidiwa. Watu walikaa kwenye foleni kwa saa nyingi, na wengine walitupwa nje baada ya kusubiri. Yoshida hakuandika "tunafahamu tatizo na tunalifanyia kazi". Aliandika maelezo marefu, yanayochosha hata, akiitaja kila hitilafu kwa namba yake, ile namba 2002 na nyinginezo, na kueleza inatokea wapi: hii ni upande wa seva, hii inatokea foleni ikizidi kiwango, hii inaweza kutoka kwenye intaneti yako. Akaeleza kwamba hawakuweza kuongeza mashine kwa sababu dunia nzima ilikuwa na upungufu wa semikondakta, yaani chipu za kompyuta. Wakawapa wachezaji siku 7 za bure, kisha 14 nyingine. Halafu wakafanya jambo ambalo sijaona kampuni nyingi zikilifanya: walisitisha kuiuza gemu kwa muda, wakati kila mtu anaitaka, kwa sababu seva hazikuwa na nafasi. Foleni hazikwisha kwa barua ile. Lakini mtu aliyekuwa amesimama kwenye foleni alijua kwa nini amesimama.

Linganisha na Helldivers 2. Gemu ilitoka Februari 2024, ikapendwa mno. Mwanzoni mwa Mei, Sony, kampuni inayoisambaza, ikatangaza kwamba wanaocheza kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony yenyewe. Sharti lilikuwepo tangu mwanzo kwenye ukurasa wa gemu, ila uunganishaji ulikuwa umewekwa kando siku za uzinduzi ili watu waweze kuingia, na hakuna aliyesimama kuwaambia wachezaji kwamba utarudi. Tatizo ni kwamba huduma hiyo haikuwepo rasmi katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Watu walikuwa wamenunua, wamecheza miezi mitatu, sasa wanaambiwa wawe na akaunti ambayo nchi zao hazina. Maoni hasi yakapita 200,000 kwenye Steam, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Mkuu wa wakati huo wa Arrowhead, studio iliyoitengeneza gemu, Johan Pilestedt, alikiri waziwazi kwamba yeye ndiye aliyeamua kuuweka uunganishaji kando na kwamba hawakulizungumzia vya kutosha. Namheshimu kwa hilo. Lakini angalia jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo: aya moja ya maelezo mwezi Februari.

Kuhusu ile sentensi maarufu ya kampuni ya EA mwaka 2017, kwamba kusota muda mrefu ili kufungua wahusika wa gemu ya Star Wars Battlefront II kunawapa wachezaji hisia ya fahari na mafanikio, sina mengi ya kuongeza. Ilipigiwa kura za kupinga zaidi ya 600,000 kwenye Reddit, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Kilichonishangaza ni kwamba walipoamua kuteremsha gharama ya mhusika Darth Vader kutoka krediti 60,000 za ndani ya gemu hadi 15,000 waliweza kuandika namba bila shida yoyote. Namba zikishuka kwa faida yetu zinaandikwa kwa herufi nene.

Yule msimamizi aliyemjibu dada yetu simlaumu. Nina hakika hakuijua ile namba, na kama aliijua hakuwa na ruhusa ya kuitaja. Kampuni nyingi zimeweka mlangoni watu wasioamua chochote, wakapewa sentensi tano za kujibia kila kitu, huku wanaoamua wakiwa chumba cha ndani. Sisi tunawatukana wa mlangoni. Na hapa lazima niseme, japo kwa shingo upande, kwamba wachezaji tunabeba lawama yetu. Kuna watu wanatishia kuua kwa sababu silaha yao imepunguzwa makali. Kampuni ya gemu ya Bungie ilimshtaki mchezaji aliyemwandama mfanyakazi wake na mkewe kwa simu za kibaguzi, na mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliamuru alipe karibu dola 500,000. Katika mazingira hayo mtu akiogopa kuongea na wachezaji, siwezi kumwambia anadeka.

Ila ukimya haumlindi. Sababu isipotolewa, hasira haipotei, inakwenda kwa aliye karibu, na aliye karibu ni yuleyule kijana wa mlangoni. Anayeamua ndiye aandike, kwa jina la cheo chake, na aseme nani ameamua na kwa nini. Hilo lingewapunguzia vijana wale matusi kuliko mafunzo yoyote ya uvumilivu.

Sidai kupiga kura. Gemu ya Old School RuneScape wanapigisha kura na kwa miaka mingi kitu kipya kilihitaji asilimia 75 ndipo kiingie; EVE Online wana baraza la wachezaji wa kuchaguliwa tangu 2008. Ni utaratibu mzuri kwa gemu zile. Mimi nisipoulizwa siumii, mradi niambiwe.

Na namba inayofichwa kuliko zote ni tarehe ya kufungwa. The Crew, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft, iliuzwa tangu Desemba 2014. Desemba 2023 ikaondolewa sokoni, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Kwa kuwa gemu ilihitaji seva hata ukicheza peke yako, kila aliyeinunua alibaki na kitu kisichowaka. Hapo ndipo mchezaji Ross Scott alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani "acheni kuua gemu", ambayo Julai 2025 ilipita saini milioni moja Ulaya. Mwaka huohuo wa 2024 Sony ilizindua gemu ya Concord tarehe 23 Agosti, ikaona hakuna wachezaji, ikatangaza kuifunga Septemba 6, na ikarudisha pesa zote. Concord ilikuwa hasara kubwa, lakini aliyeinunua alijua siku ya mwisho na alijua pesa yake iko wapi.

Kampuni zinasema haziwezi kujua leo gemu itaishi miaka mingapi. Sawa. Lakini mnajua mkataba wa seva mliosaini ni wa muda gani, na leseni za magari, muziki na wahusika mlizolipia zinaisha lini. Basi andikeni muda wa chini kabisa mnaoweza kuahidi, miaka miwili, mitatu, hata mmoja, kwenye ukurasa wa mauzo, kando ya bei, kwa ukubwa uleule wa herufi. Nikiona mwaka mmoja na bado nikanunua, nitakuwa nimeamua mwenyewe.